Mzee anachemsha gome la mkondekonde kwa ajili ya tezi dume: aendelee au aache?

SWALI: Baba yangu ana miaka 68, anaishi kijijini juu ya Marangu. Mwaka jana alikuwa anaamka kukojoa mara nne au tano kwa usiku, na mkojo ulikuwa unatoka kwa kukatika-katika. Hospitali walimpima, wakasema tezi dume imevimba lakini si saratani, wakampa tamsulosin na finasteride. Alimeza kama mwezi mmoja akaacha, kisa kizunguzungu. Sasa anachemsha gome la mkondekonde asubuhi na jioni, anasema hata babu alilitumia. Kaka yangu aliyeko Marekani naye ametuma chupa ya vidonge vilivyoandikwa Pygeum na saw palmetto, anasema ni mti huohuo. Je, ni kweli? Baba anaweza kubaki na gome, au na vidonge vya kaka, akaachana na dawa za hospitali? Kwenye kihamba chetu iko miti miwili ya mkondekonde, na mmoja ameshauchuna karibu nusu. (Dada wa Moshi)

JIBU: Dada, kwanza nifikishie shikamoo kwa mzee.

Kaka yako hajakosea, mti ni uleule. Ila kinachotoka kwenye sufuria ya mzee si kile kilichomo kwenye kidonge, na kidonge chenyewe, hata kikiwa kizuri, hakina uzito wa kumfanya mtu aliyekwisha kuandikiwa tamsulosin na finasteride azitupe. Ningekuwa mimi, gome ningelisimamisha kwa sasa, chupa ya kaka ningeiweka kabatini, na mzee ningemrudisha kliniki wakazungumze habari ya kizunguzungu, kwa sababu nahisi hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Sasa nikueleze sababu, maana najua wazee wetu: ukienda na "mfamasia kasema" utarudishwa ulikotoka, na sidhani kama watakuwa wamekosea.

Mkondekonde wa Wachagga ndio muiri wa Wakikuyu, tenduet ya Wakipsigis, ntasesa ya Waganda na umwumba wa Wanyarwanda. Kitaalamu unaitwa Prunus africana. Zamani uliitwa Pygeum africanum, jina likabadilishwa mwaka 1965, lakini wafanyabiashara wa vidonge waliling'ang'ania lile la kale, ndiyo maana chupa inasomeka hivyo. Ni mti wa misitu ya milimani: Kilimanjaro, Meru, Usambara, Mlima Kenya, Mau, hadi Mlima Kamerun upande wa pili wa bara. Ukilifikicha jani lake unasikia harufu ya lozi, na harufu hiyo nitairudia kwa sababu ina maana yake.

Kwamba babu alitumia gome, nasadiki. Muulize tu mzee, babu alilitumia kwa ugonjwa gani? Milimani kwetu gome hili lilichemshwa zaidi kwa maumivu ya tumbo, kifua na homa, na mifugo nayo ilipata sehemu yake. Kunywa kikombe kwa siku mbili tatu tumbo likusumbuapo ni jambo moja. Kunywa asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya tezi dume, ni matumizi mengine kabisa, na hayo hayana uzoefu wa babu nyuma yake.

Habari ya tezi dume ilipata nguvu Ufaransa. Mwaka 1966 Jacques Debat alipata hataza ya kiini cha gome hili kwa ajili ya shida za tezi dume, na kiini hicho kikauzwa kama dawa kwa jina la Tadenan. Tangu hapo gome likawa linasafirishwa kwa tani kutoka Kamerun, Madagaska, Kenya na kwingineko kwenda Ulaya. Waliofanya hivyo hawakulichemsha. Gome kavu husagwa, halafu hulowekwa kwenye kiyeyushi, aghalabu klorofomu, kinachovuta vitu vya asili ya mafuta: steroli za mimea kama beta-sitosteroli, triterpeni, na viunganishi vya asidi ya feruliki. Kisha kiyeyushi huondolewa, na kinachobaki ndicho kiini. Hivyo vya mafuta ndivyo vinavyodhaniwa kutuliza uvimbe na kupunguza kasi ya seli za tezi kuongezeka.

Hapa naomba tupige hesabu kidogo, maana ndiyo iliyonifanya mimi nisiwe na imani na sufuria. Katika kiini cha namna ile, gramu moja hutokana na gramu 114 hadi 222 za gome kavu. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 100 za kiini kwa siku. Kwa hiyo nyuma ya dozi ya siku moja kuna gramu 11 hadi 22 za gome kavu. Mzee akitumia unga, hiyo inaweza kufika vijiko vya chai saba hivi kila siku, na hapo tumechukulia kwamba kila kilichomo kimetoka. Hakitoki. Steroli haziyeyuki kwenye maji, hata ukichemsha mpaka sufuria iimbe. Ile rangi nyekundu na ule ukakasi wa ulimi, unaomfanya mzee aseme "hii dawa ni kali", ni tanini. Tanini zinatoka vizuri sana kwenye maji ya moto, ila si zilizofanyiwa majaribio kwa tezi dume.

Kingine kinachopatikana kwenye mti huu ndicho kinacholeta ile harufu ya lozi. Mkondekonde ni ndugu wa mlozi na mpichi, na kama ndugu zake hao, una kemikali inayoweza kuzalisha sianidi. Sisemi kikombe kimoja kitamwangusha mtu, watu wamekunywa miaka na miaka. Lakini panya wa maabara waliolishwa gome kwa kiwango kikubwa sana waliharibika ini na moyo, wakati wa viwango vya chini hawakudhurika. Kwa hiyo swali ni kiasi, na kiasi ndicho asichokijua mtu anayepima gome kwa kiganja, leo nene kesho jembamba. Kwa mzee wa miaka 68 ambaye figo zake sijui ziko katika hali gani, silipendi jambo hilo.

Basi, je, kiini chenyewe kinafanya kazi? Kinafanya, kwa kadiri. Mwaka 2002 shirika la Cochrane, linalokusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, lilitoa tathmini ya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliopewa kiini walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kusema hali yao imekuwa nafuu, wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kwenye kibofu baada ya kukojoa ulipungua kwa asilimia 24, na kasi ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Madhara yalikuwa madogo, zaidi ya tumbo. Lakini majaribio hayo yalikuwa madogo na mafupi, kwa wastani siku 64 tu, na kila kiwanda kilikuwa na matayarisho yake. Hakuna mahali palipoonyeshwa kwamba kiini hiki kinazuia mkojo kuziba kabisa au kinampunguzia mtu haja ya upasuaji miaka ya mbele. Finasteride imeonyesha mambo hayo mawili. Na punguza asilimia 19 kwenye mara tano za mzee: utabaki na mara nne. Ni nafuu, siikatai, lakini si ile inayosimuliwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Chupa ya kaka ina jambo jingine. Saw palmetto ni mmea wa jamii ya mitende unaoota kusini-mashariki mwa Marekani, nao umepimwa vizuri kuliko mkondekonde. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya jaribio la wanaume 225, na mwaka 2011 jingine la wanaume 369 ambao dozi yao ilipandishwa hadi mara tatu ya kawaida. Yote mawili hayakuona tofauti yoyote na kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo nusu ya fahari ya chupa hiyo imekwisha kuondoka. Nusu iliyobaki inategemea kiwanda. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho vya mitishamba havihitaji kibali cha mamlaka ya dawa kabla ya kuingia sokoni, wakati Ufaransa kiini hichohicho kilisajiliwa kama dawa. Geuza chupa usome nyuma: kama imeandikwa "kiini" chenye kiwango cha steroli au triterpeni, mara nyingi asilimia 13 au 14, kuna cha kuzungumza. Kama ni "unga wa gome" uliofungwa kwenye kapsuli, basi kaka ametuma gome la milima ya Afrika kwa posta kuja Kilimanjaro.

Tuje kwenye kizunguzungu, maana hapo ndipo penye ufunguo. Tamsulosin hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi, mkojo ukapita. Kazi hiyo huonekana ndani ya siku chache. Lakini inaweza pia kushusha presha, hasa mtu anapoinuka ghafla. Maelekezo yake ni kumezwa kama nusu saa baada ya mlo, mlo uleule kila siku, kwa sababu tumbo likiwa tupu dawa huingia kwenye damu kwa wingi na kwa mkupuo. Wazee wengi humeza alfajiri pamoja na vidonge vya presha, kabla hata ya uji, halafu wakatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Hapo kizunguzungu hakikosi. Muulize mzee alikuwa anaimeza saa ngapi na pamoja na nini. Mara nyingine kuihamishia baada ya chakula cha usiku na kumwomba daktari aangalie upya dawa za presha kunatosha kabisa. Ikishindikana, zipo dawa nyingine za jamii hiyo. Na wakati huohuo, siku akipelekwa kufanyiwa mtoto wa jicho, daktari wa macho aambiwe kwamba amewahi kumeza tamsulosin, hata kama aliacha, kwa sababu dawa hiyo hulegeza mboni na kumtatiza mpasuaji asiyejiandaa.

Finasteride ina tabia tofauti. Hiyo inazuia homoni inayoilisha tezi, tezi ikasinyaa polepole, na huhitaji miezi sita hivi kabla ya kuihukumu. Mzee aliimeza mwezi mmoja. Hata haijafika njiani. Nina neno la pembeni ambalo wengi hawaambiwi: finasteride hushusha PSA, kile kipimo cha damu kinachosaidia kushuku saratani ya tezi dume, kwa karibu nusu. Akirudi kupimwa baada ya kuitumia, aseme, ama sivyo namba itaonekana nzuri kumbe imefichwa. Na kama nyumbani kuna mjamzito, asishike vidonge vilivyovunjika.

Kabla ya kurudi kliniki, mfanyieni mzee jambo ambalo halina gharama. Kwa siku tatu, mchana na usiku, akojoe kwenye jagi la plastiki lenye alama za mililita, na mjukuu aandike daftarini: saa, kiasi, na alichokunywa. Daftari hilo lina siri nyingi kuliko watu wanavyodhani. Akiwa anaamka mara tano na kila mara anatoa mililita 80 au 100, kibofu hakimwagi chote au kinahangaika, tezi inahusika. Akiwa kila mara anatoa 350 au 400, tezi haina neno kubwa hapo: mwili unatengeneza mkojo mwingi usiku. Kwa mtu wa umri wake, mkojo wa usiku ukizidi theluthi moja ya mkojo wote wa saa 24, tunatafuta sukari, miguu inayovimba mchana, moyo, au kidonge cha kupunguza maji kinachomezwa jioni badala ya asubuhi. Wapo wanaume wamekunywa mitishamba ya tezi dume miaka miwili, kumbe kisukari. Chai yenyewe nayo muiangalie. Sufuria ya gome saa mbili usiku ni vikombe viwili vya maji, na maji hayo lazima yatoke saa nane.

Unaposema hospitali waliona si saratani, uliza walionaje: kwa kipimo cha kidole, PSA, picha, au nyama iliyokatwa? Saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia ukingoni mwa tezi, mbali na njia ya mkojo, wakati uvimbe wa kawaida huota katikati, kando ya njia yenyewe. Ndiyo maana mkojo unaweza kutoka vizuri kabisa huku saratani inakua, na ndiyo maana nafuu ya gome, hata ikiwa ya kweli, haithibitishi chochote kuhusu saratani. Sisi wanaume wa asili ya Afrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo. Mwaka umepita, ufuatiliaji unastahili: PSA, kreatinini kwa ajili ya figo, na altrasaundi ya kuona mkojo unaobaki. Kibofu kinaweza kujaa kimyakimya miezi na miezi, kikarudisha shinikizo kwenye figo, na mtu akaendelea kusema "siku hizi nina afadhali".

Mkojo ukigoma kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, hospitali wakamwekee mpira wa mkojo. Msingoje asubuhi na msimwongezee chai. Damu kwenye mkojo, homa pamoja na kutetemeka, maumivu mapya ya mgongo, au kupungua uzito bila sababu, hayo pia hayasubiri. Na mafua yakimpata, akae mbali na vidonge vya mafua na Piriton za dukani. Nyingi ya dawa hizo hubana njia ya mkojo au hulegeza kibofu, na ni chanzo cha kawaida sana cha wazee kufikishwa hospitali mkojo umeziba.

Kuna jambo linanikera, nilitoe tu. Sasa hivi kila pembe kuna unga wa "tezi dume bila upasuaji, siku 14, na nguvu za kiume zinarudi". Mkondekonde haurudishi nguvu za kiume kwa siku 14. Unga wa mitishamba ukifanya hivyo, wasiwasi wa kwanza ni kwamba umechanganywa na dawa ya kizungu kama sildenafil. Jambo hilo limegunduliwa katika nchi nyingi. Sildenafil juu ya tamsulosin inaweza kumwangusha mzee kwa presha kushuka, na kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti inaweza kumuua. Mkiona pakiti isiyo na namba ya usajili, pelekeni ofisi ya kanda ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, msimjaribishie mzee.

Sasa, je, anaweza kutumia kiini chenye kiwango? Kama daktari ameshamwona upya, mkojo unaobaki ni kidogo, figo ziko sawa, na dalili zake ni za wastani, sitagombana naye. Miligramu 100 kwa siku, miezi miwili, kisha apimwe. Pasipo tofauti kwenye daftari, aache. Atumie pamoja na dawa za hospitali au peke yake, hilo ni la daktari wake, muhimu daktari ajue. Wengi huficha mitishamba kwa kuogopa kugombezwa. Aende na gome mfukoni, alionyeshe.

Mwisho ni ule mti uliochunwa. Msiguse tena upande uliobaki. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome, na mti ukizungushiwa kisu pande zote hufa umesimama. Misitu mingi imekwisha hivyo. Prunus africana iko tangu mwaka 1995 kwenye orodha ya mimea inayodhibitiwa kibiashara ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kupokea gome la Kamerun. Kwa hiyo kaka akiomba mmtumie magome huko Marekani, mwambieni linahitaji kibali, si jambo la kutia kwenye begi. Wachunaji waliofundishwa huchukua robo mbili zinazotazamana kwenye shina lenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 30, bila kukwaruza utando laini ulio chini ya gome, kisha huuacha mti miaka kadhaa. Wa kwenu hauna cha kupakwa wala kufungwa: uacheni, na kama mzee hakukwaruza ule utando gome litaanza kurudi lenyewe. Ule wa pili ukizaa, okoteni matunda yaliyoiva rangi ya zambarau kabla tumbili hawajamaliza, ondoeni nyama yake, na mzipande mbegu wiki hiyohiyo. Mbegu za mkondekonde hazitunziki. Zikikauka hazioti tena.